Nzuri, Ila

Pini yenyewe ilikuwa na kichwa cha bluu. Mwenye pini, fundi cherehani anayeshonea watu nyumbani kwake ghorofa ya tatu, aliitafuta tangu asubuhi: chini ya meza, kwenye mikunjo ya gauni la mteja, mpaka ndani ya kikombe cha chai. Ni mwanamke anayehesabu pini zake kila anapofunga kazi, na siku hiyo hesabu ilikuwa imegoma. Jioni mumewe akarudi kutoka kiwandani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua soksi, na pini ikajitokeza yenyewe. Ilikuwa imezama kwenye unyayo wa mguu wa kulia, chini ya kidole kidogo, kichwa cha bluu kimebaki nje kama kifungo cha shati.

"Hiyo si pini yangu?" Fundi akauliza.

Mume akauinua mguu, akaukagua kama mtu aliyeletewa mguu wa jirani autolee maoni. "Ndiyo yenyewe. Leo imetembea. Imepanda basi, imesimama foleni, imepiga kazi masaa kumi. Inastahili mshahara."

Fundi hakucheka, na si kwamba alikuwa mgumu wa kucheka. Alimwona anaichomoa kwa vidole viwili, taratibu, bila kukunja uso, na ndicho kilichomtisha. Alimuuliza kama iliuma, akajibiwa haikuuma. Akambonyeza unyayo kwa ukucha, kwanza kwa huruma, halafu kwa nguvu zote za mtu anayesukuma sindano kwenye turubai. Mume akamuuliza ataanza lini kubonyeza. Mke alikuwa ameshamaliza.

Kiwandani walimwita Pasi. Ni kiwanda kikubwa kinachofua na kupiga pasi mashuka ya hospitali na zahanati zote za mji ule, na yeye alikuwa na miaka tisa mbele ya mashine ile yenye mabomba mawili ya moto yanayomeza shuka likiwa na maji na kulitema likiwa kama karatasi. Lakini jina hakulipata kwa mashine. Alilipata kwa sababu ndiye mtu pekee kiwandani, na pengine mjini, aliyepiga pasi soksi. Lugha ya wenyeji wa nchi ile ya ugenini aliijua maneno arobaini, thelathini kati ya hayo yakiwa ya mashuka. Jina likamfuata nyumbani, na sasa hata mkewe, akitaka kumbembeleza, alimwita Pasi. Akitaka kumsema, alimwita Baba.

"Baba," akasema, "kesho unaenda zahanati."

Jirani wa mlango wa pili aliingia wakati huohuo kuazima uzi. Huyu aliitwa Redio, na sababu haihitaji maelezo. Aliposikia neno zahanati alisahau uzi. Akawaeleza kwamba kadi ya matibabu ina mtego: ukiitumia, jina lako linaandikwa mahali, na likiandikwa mara tatu unaletewa barua ya kuambiwa umekuwa mzigo kwa nchi ya watu, na kibali cha kukaa hakiongezwi. Fundi akamuuliza ni nani aliyewahi kuletewa barua hiyo. Redio akasema ni mtu na mtu wake, yeye hawajui ila amesikia kwa anayewajua.

Kadi yenyewe ilikuwa kwenye droo, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya mkataba wa nyumba. Miaka tisa haijawahi kuona jua. Ilikuwa bado inang'aa.

Binti yao, wa sekondari, mwenye kuongea lugha ya wenyeji kuliko baadhi ya wenyeji, akajitolea kumsindikiza amtafsirie. Pasi akakataa kabla hajamaliza sentensi. Mwezi wa tatu sasa alikuwa anakunywa jagi zima la maji na kiu haiishi, na safari zake za chooni zilikuwa hazina idadi. Hayo si mambo ya kupitisha mdomoni mwa mtoto. Na Fundi alikuwa na gauni la kukabidhi kesho mchana. Ikaamuliwa Pasi aende peke yake.

*

Akaenda amenyooka. Suruali ina mkunjo wa kukata nyanya, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, soksi zimepigwa pasi pande zote mbili. Kwenye chumba cha kungojea, watu waliokuwa wamejikunja kwenye viti walimtazama wakidhani ni mkaguzi kutoka wizarani, na mama mmoja akaficha chupa yake ya soda.

Namba yake ikaitwa. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole na macho kwenye saa. Kila mgonjwa ana dakika kumi. Aliweka simu mezani, akabonyeza, na mle ndani ikatoka sauti ya mwanamume akisema Kiswahili safi cha darasani: yeye ni mkalimani, atatafsiri kila litakalosemwa, bila kuongeza, bila kupunguza.

Pasi alifurahi mpaka akaikaribia ile simu. Tangu lini amekuta Kiswahili kwenye ofisi ya watu?

"Nesi anauliza, habari ya afya yako?" sauti ikasema.

"Nzuri," Pasi akajibu. "Nzuri kabisa, tunamshukuru Mungu. Na yeye habari yake? Watoto wazima?"

Mkalimani akatafsiri. Nesi akatabasamu, akaandika: mgonjwa anajisikia vizuri. Pasi naye akatabasamu, kwa sababu mambo yalikuwa yanaenda kama yanavyotakiwa. Ndiyo kwanza wanasalimiana. Mtu mwenye adabu zake haingii kwa mwenzake akamwaga ugonjwa mezani kabla ya kuulizana hali. Unasema nzuri, mwenzako anasema nzuri, mnazunguka watoto na kazi, halafu ukishavuta kiti ndipo unasema ila. Maradhi yote ya dunia yanakaa baada ya ila.

Nesi akauliza kama kuna mahali anaumwa. Pasi akafikiri kwa uaminifu. Hakuna. Mguu haukuuma hata chembe, na hicho ndicho kilichomleta. Akasema hapana, siumwi. Nesi akaandika: hana maumivu. Pasi akageukia simu, akamuuliza mkalimani ameamkaje, ndugu yangu, na huko aliko kuna jua. Sauti ikajibu kwamba tafadhali, bwana, ajibu maswali tu.

Akaambiwa apande kitandani apimwe presha. Hapo ndipo alipoliona shuka. Kona ya kulia ilikuwa imekunjwa kwa ndani mara mbili, mkunjo ambao kiwanda kizima anaujua yeye tu, ili shuka lifunguke kwa mvuto mmoja. Miaka tisa alikuwa akiyatuma mashuka yake duniani na leo amemfumania mmoja wa wanawe kazini. Akalinyoosha kwa kiganja. Akapanda kwa uangalifu, miguu akaiacha inaning'inia nje na viatu vyake, kwa sababu tangu jana lile tundu la pini lilikuwa linatoa majimaji ya damu, na hakuna aliyejua kama yeye damu inavyong'ang'ania kwenye pamba. Presha ikaonekana haina neno. Nesi akasema jambo, akafungua mlango. Mkalimani akatafsiri kwamba angoje nje, akaaga, simu ikakata.

Pasi akadhani anapelekwa kwa daktari mwenyewe. Akatoka, akakaa kwenye chumba cha kungojea, akapanga maneno yake vizuri: ila mguu, ila kiu, ila pini. Alikaa nusu saa. Mfagiaji akafagia kulia kwake, akafagia kushoto kwake, akamwomba ainue miguu, akafagia na chini. Mwishowe msichana wa mapokezi akaja na karatasi, akamwonyesha mlango wa kutokea kwa kidole, kwa sauti ya juu na ya polepole, kama anamwongoza kiziwi avuke barabara.

*

"Wamesema niko sawa," Pasi akamwambia mkewe, akaiweka karatasi mezani. Binti akaisoma: anajisikia vizuri, hana maumivu, presha nzuri, hana haja ya kurudi.

"Umewaambia habari ya pini?"

"Tulikuwa bado hatujafika huko."

Fundi alimtazama. Alikuwa na pini tatu mdomoni, ikabidi azitoe moja moja kabla ya kusema alichotaka kusema, na alipomaliza kuzitoa alikuwa amekibadilisha. Akamuuliza tu kama amekula.

Siku zikaenda. Kila asubuhi kiwandani, kabla mashine hazijawashwa, msimamizi alipita kwenye mstari na ubao wake wa kushikia karatasi akiuliza kila mtu swali moja: mzima? Na kila mtu, kutoka nchi kumi na moja zisizoelewana hata kwa salamu, alijibu kwa lugha ya wenyeji: mzima. Asiye mzima aliambiwa aende nyumbani akapumzike, kwa upole kabisa, na siku yake ilifutwa kwenye mshahara kwa upole uleule. Pasi akajibu mzima siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Akavaa soksi mbili mbili. Siku ya tisa akavaa tatu, na kiatu kikakataa kufungwa.

Siku ya kumi Fundi alizikuta soksi zimefichwa nyuma ya ndoo. Hakuhitaji kuziangalia. Harufu ilikuwa imeshamwambia.

Alifunga cherehani, akaifunika kwa kitambaa chake, mchana wa Jumatatu, na gauni la mtu liko nusu chini ya sindano. Pasi alikuwa amekaa kitandani, amepewa ruhusa ya nusu siku kwa kosa la kuchechemea. Alimwona mkewe anavaa, akajua. Akaanza kujitetea: barua ya Redio, kibali, halafu walishasema yuko sawa, karatasi hiyo hapo, arudi awaambie kwamba wataalamu wamekosea, yeye nani? Na mguu wenyewe umeshaanza kupona.

"Baba," Fundi akasema. "Kukutoa damu siwezi, kukupasua siwezi. Lakini kusema naweza. Vaa viatu."

"Havivaliki."

"Basi vaa ndala, tena usizipige pasi."

Akachukua ile pini ya kichwa cha bluu, akaichomeka kwenye kola ya gauni lake, mahali wengine wanapovaa nishani. Kwenye ngazi wakakutana na Redio, aliyetaka kuuliza, akaiona ile kola, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie jengo lile akakosa matangazo.

*

Nesi alikuwa yuleyule. Fundi hakuwa hata na maneno arobaini, lakini alivuta kiti, akakaa, akamwonyesha mumewe kiti kingine, na akaigeuza simu imwelekee yeye. Sauti nayo ilikuwa ileile.

"Nesi anauliza, habari ya afya ya mgonjwa?"

"Nz—" Pasi akaanza, kwa mazoea. Fundi akamgusa goti.

"Mwambie hivi. Siku ile mume wangu alisema nzuri, naye akaandika nzuri. Mwambie kwetu hilo si jibu, ni kubisha hodi. Mtu akibisha hodi humwambii asante kwa kuja, ukafunga mlango. Alikuwa hajaingia."

"Mama," simu ikasema, "mimi ninatafsiri yaliyosemwa tu. Siruhusiwi kueleza."

"Mimi ndiye ninayeeleza, wewe tafsiri. Ila yake ndiyo hii. Ameingiwa na pini asubuhi, akatembea nayo mpaka jioni, hakusikia. Anakunywa maji kama kisima kimeletwa ndani. Amekonda, suruali nimempunguza mara mbili tangu mwaka uanze, na mimi ni fundi, nina vipimo vyake. Kiuno kimepungua vidole vinne." Akaichomoa pini kwenye kola, akaiweka juu ya meza ya nesi. "Na hii ndiyo pini."

Mkalimani alitafsiri, na alichukua muda. Nesi aliacha kuandika. Akaitazama pini, akawatazama wote wawili, saa hakuitazama tena. Akasimama, akapigapiga kitanda: apande, aweke mguu juu.

Pasi akapanda. Mguu haukupanda. Aliushikilia nje ya kitanda, amekaza paja mpaka linatetemeka, na nesi akadhani ni maumivu, akawa anambembeleza. Ni Fundi tu aliyejua anatazama nini. Shuka lilikuwa jeupe, limenyooka, kona imekunjwa kwa ndani mara mbili.

"Litaingia doa," Pasi akasema kwa sauti ndogo. "Mama watoto, hili halitoki."

"Litatoka. Si wewe ndiye unayefua?"

Akauweka mguu. Nesi akamvua soksi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zina mkunjo wa pasi, na alipofika kwenye ngozi akavaa glavu. Akamtoboa kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Kimashine kikakataa kutoa namba; kikaandika tu kwamba sukari imezidi uwezo wake wa kupima. Akainua simu nyingine kuita gari. Kwa kupitia mkalimani akasema ukweli wake: ni kisukari, kimekaa muda mrefu, kimeua mishipa ya fahamu ya miguu. Kidole kidogo hakiahidi. Mguu wenyewe, kama wangechelewa wiki moja, asingeuahidi pia.

Fundi akauliza habari ya barua. Ilibidi aulize mara mbili, kwa sababu mkalimani hakuamini kama amesikia sawa. Nesi akauliza mapokezi, mapokezi wakauliza ofisi. Hakuna barua ya namna hiyo. Kadi ni yake, inakatwa kwenye mshahara wake kila mwezi tangu siku ya kwanza.

"Miaka tisa," Fundi akasema, akimgeukia mumewe. "Tunailipia, halafu tunaiogopa."

Walipokuwa wanangoja gari, nesi ametoka, simu ilikuwa bado iko hewani. Sauti ikakohoa. Ikasema kitu ambacho hakuna aliyeomba kitafsiriwe.

"Siku ile nilijua," mkalimani akasema. "Kaka yangu hapo alipouliza habari ya watoto, nilijua bado hajafika kwenye ila. Lakini kazi yangu ni maneno. Nisameheni."

"Ila nayo ni neno," Fundi akamjibu, wala hakuwa amekasirika. "Siku nyingine mngojee mwenzio alifikie."

"Nitamngoja, mama."

Pasi akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Hukuniambia," akasema kwenye simu, "huko uliko kuna jua?"

"Lipo, kaka. Jua kali."

*

Hospitali alikaa siku kumi na mbili. Kidole kidogo kiliondoka, mguu ukabaki. Alijifunza kujichoma sindano, kazi aliyoisimamia mkewe kwa ukali wa kitaalamu, akimsahihisha mshiko. Siku ya sita alishikwa na manesi wawili akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anatandika kitanda cha mgonjwa mwenzake. Walitaka kumgombeza. Walipoona shuka linavyofunguka kwa mvuto mmoja, wakamwomba awaonyeshe tena. Malipo aliyoyadai ni neno moja: wamfundishe "ila" kwa lugha yao. Akalirudia mchana kutwa mpaka chumba kizima kikalijua. Lilikuwa neno lake la arobaini na moja.

Redio alikuja kumwona, akakaa karibu na mlango, akauliza kwa kunong'ona kama kadi inafanya kazi na kwa magoti. Fundi akampa saa ya kufungua zahanati, na akamwambia akifika asianze kwa kusema nzuri.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini, Pasi alisimama kwenye mstari na viatu vipana vya hospitali, soksi zimepigwa pasi. Karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni: akae anapofanya kazi, anywe maji, aruhusiwe kukagua miguu. Fundi alikuwa amemwambia asiitoe karatasi kwanza. Karatasi ataisoma mtu mmoja, akasema, lakini mdomo utasikiwa na wote.

Msimamizi akapita na ubao wake. Karatasi ya ubaoni ilikuwa na safu mbili tu, ya waliopo na ya wasiopo.

"Mzima?"

"Mzima," Pasi akasema. Msimamizi akaweka alama, akapiga hatua kwenda kwa anayefuata.

"Ila," Pasi akasema.

Msimamizi akageuka. Miaka yote aliyopita kwenye mstari ule neno hilo hakuwahi kulisikia. Akaeleza, kwa upole wake, kwamba asiye mzima aende nyumbani. Pasi akatikisa kichwa. Hakuwa na maneno ya kutosha, akayatumia aliyokuwa nayo, yale ya mashuka na lile jipya. "Mzima. Ila mguu. Kiti. Mashuka, mimi, mazuri, miaka tisa. Kiti."

Mabomba yalikuwa yanapata moto taratibu. Msimamizi akatazama ubao, kama kwamba safu ya tatu ingeweza kuwa imejificha mahali. Ndipo mama mtu mzima anayekunja taulo, wa nchi ambayo kiwandani hakuna mwingine anayeijua lugha yake, na ambaye kwa miaka minne hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya mzima, akasema mzima, halafu akaliiga lile neno alilolisikia sasa hivi, kwa lafudhi mbovu kuliko ya Pasi. Baada ya hapo akaongea kikwao, kwa kirefu. Hakuna aliyeelewa hata silabi, lakini wote walimwona ameshika mgongo.

Kijana wa mapipa ya sabuni akatazama mikono yake iliyobabuka, akakohoa, kama mtu anayejiandaa.

Pasi hakungoja kuambiwa. Alivuta shuka la juu kwenye rundo, akakunja kona ya kulia kwa ndani mara mbili, akalilaza. Alikuwa na subira. Mtu aliyelipia kadi miaka tisa bila kuitumia ana subira nyingi. Akamwonyesha msimamizi ubao kwa kidevu.

"Andika," akasema.

Msimamizi akaigeuza karatasi upande wa nyuma, kusiko na mistari, akabonyeza kalamu.